Uhuru wa Mahakama ni wa Nani?

Tukitaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zetu hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula, methali na mashairi. Kweli hayo yote ni utamaduni, nami niliyetumia nusu ya umri wangu kupima vina na mizani sina ulimi wa kuyabeza. Lakini iko sehemu nyingine ya utamaduni isiyochezwa uwanjani wala kuvaliwa siku ya Idi na Krismasi, nayo ni namna watu wanavyoamuliwa wanapogombana. Taifa hujulikana kwa jinsi linavyosherehekea arusi, na hujulikana zaidi kwa jinsi linavyomsikiliza mtu anayesimama peke yake, asiye na fedha wala jamaa mkubwa, anayesema kwamba amedhulumiwa.

Lugha yetu inashuhudia kwamba jambo hili si geni kwetu. Maneno hakimu, hukumu, mahakama na hekima ni ndugu wa shina moja. Yalitoka Uarabuni, yakafika pwani, yakapata uraia katika Kiswahili kabla ya bendera ya Mjerumani na ya Mwingereza. Wakili naye, kabla hajawa mtu wa joho jeusi na kola nyeupe, alikuwa mtu yeyote aliyekabidhiwa jambo la mwenzake alisimamie kwa uaminifu. Kutokana na shina hilohilo tumepata wakala, mwakilishi na uwakilishi. Nalo neno haki limebeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja: ni kile ninachostahili kupata, na ni uadilifu wa yule anayenipa.

Wahenga nao hawakunyamaza. Walituonya tusimpelekee nyani kesi ya ngedere, kwa sababu walijua kwamba mwamuzi mwenye udugu na upande mmoja si mwamuzi. Wakasema tena kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Lakini wahenga haohao walituachia pia usemi mwingine: mwenye nguvu mpishe. Usemi huu una hekima yake njiani, pale lori linapokuja na mtu yuko kwa miguu. Hatari huanza usemi huu unapotoka njiani ukaingia mahakamani na kuketi kitini. Hapo ndipo inapotubidi kuchagua ni usemi upi utakaotawala nyumba ya haki.

Ndugu msomaji, mimi ni mkaazi wa Tandika, katika wilaya ya Temeke, na kwa miaka mingi kazi yangu ya ukarani serikalini imekuwa ikinipeleka Kinondoni na kunirudisha. Katika barza za jioni na ndani ya mabasi ya Mbagala nimesikia mara nyingi watu wakizungumza habari za mawakili wanaodai uhuru wa mahakama, haki za binadamu na utawala wa sheria. Wengi hulichukulia jambo hilo kuwa ni ugomvi wa wakubwa: majaji upande huu, serikali upande ule, na mawakili katikati wakitafuta sifa au ada. Mwuza samaki huuliza: mimi unanihusu nini uhuru wa jaji mwenye gari na mlinzi? Swali hilo si la kipumbavu, nalo linastahili jibu. Uhuru wa mahakama ni wa nani?

Nitajibu kwanza kwa habari ya mtaani kwetu. Alikuwapo mama mmoja mjane, mpika vitumbua, ambaye mumewe alifariki akaacha nyumba ya vyumba vinne. Kabla ya arobaini kwisha, shemeji zake wawili walimwendea.

"Shemeji," alisema mkubwa wao, "nyumba hii ni ya ukoo. Ulikuja na sanduku, utaondoka na sanduku."

"Nyumba hii nimeijenga pamoja na ndugu yenu," mama yule alijibu. "Risiti za saruji na za mabati ninazo."

"Risiti hazizungumzi. Sisi tuna mtu wetu, na neno limekwisha kupelekwa kunakohusika."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomvunja moyo. Hakuwa na shaka juu ya haki yake. Shaka yake ilikuwa juu ya mlango wa kuiendea. Siku hizo mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika Mahakama za Mwanzo, wala yeye hakuwa na fedha za kumlipa wakili. Msaidizi wa kisheria mmoja, mwanamke aliyepata mafunzo ya kuwasaidia wananchi bila malipo, alikaa naye jioni tatu akamwonyesha karatasi za kukusanya, mashahidi wa kuwaita, na jinsi ya kusema jambo lake kwa utaratibu. Sisi majirani tulimsindikiza.

Hakimu alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mtoto wa kwanza wa mjane yule. Shemeji mkubwa alipoanza kulitaja jina la mtu fulani mwenye cheo ili lisikike chumbani, hakimu aliinua kalamu, akasema kwa sauti ya kawaida: "Bwana, hapa tunamsikiliza shahidi aliyeapa. Huyo unayemtaja hakuapa." Kisha akaendelea kuandika. Kesi haikwisha siku ile, wala mjane hakupewa kila alichoomba. Lakini mchango wake katika nyumba ile ulitambuliwa, na hakuondoka na sanduku.

Mama yule hakuwa amesikia kwamba Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 107A, inaitaja Mahakama kuwa ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki, wala kwamba ibara ya 107B inazitaka mahakama zote ziwe huru, zifuate Katiba na sheria za nchi tu. Hata hivyo siku ile aliitumia ibara hiyo kama anavyoutumia moto wa jiko lake. Laiti mshahara, uhamisho na kupandishwa cheo kwa hakimu yule vingekuwa mkononi mwa yule aliyetajwa jina, je, kalamu ingeinuka? Kwa sababu hiyo sheria imeweka Tume ya Utumishi wa Mahakama, na kwa sababu hiyo jaji wa Mahakama Kuu hawezi kuondolewa kazini kwa kuwa hukumu yake imemkasirisha mkubwa, ila kwa utaratibu maalumu wa uchunguzi uliowekwa na Katiba. Kinga hizo zinavaliwa na hakimu na jaji, lakini anayesitirika kwazo ni mjane. Basi jibu langu ni hili: uhuru wa mahakama ni mali ya mdai na mdaiwa, na hasa yule aliye mdogo kati yao. Mwenye nguvu ana njia nyingine nyingi za kupata atakacho. Mnyonge ana njia hiyo moja.

Tena hukumu njema haikai pale ilipotolewa, husafiri. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika shauri la talaka kwamba kazi za mke nyumbani, za kupika, kulea na kutunza, ni mchango katika mali ya ndoa. Tangu hapo mwanamke wa Tandika au wa Manzese anayeambiwa kwamba yeye hakuleta kitu ana neno la kujibu, hata kama hajui lilitoka wapi.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ya mawakili na haki za binadamu ni mavazi ya kuazima, hayakushonwa kwa kipimo chetu. Hao nawakumbusha habari ya mwaka 1958. Mwaka huo Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa TANU, alishitakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu maofisa wa serikali ya kikoloni katika gazeti la Sauti ya TANU. Alitetewa na D. N. Pritt, mwanasheria Mwingereza ambaye miaka michache kabla ya hapo alimtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria, naye alisaidiwa na mawakili wa hapa nchini, K. L. Jhaveri na Mahmud Rattansey. Mwalimu alitiwa hatiani, akatozwa faini. Lakini tazama picha ile: mtu aliyekuja kuwa Baba wa Taifa yuko kizimbani, serikali yenye bunduki na magereza iko upande wa pili, na kati yao wamesimama watu watatu wenye vitabu. Waliosimama naye walikuwa wa rangi na dini mbalimbali, na hawakuulizana kabila. Taifa letu lilijifunza mapema kwamba anayeitwa mkosaji leo huenda kesho akawa ndiye tunayemwimbia. Kwa hiyo mshitakiwa yeyote ana haki ya kusikilizwa kikamilifu kabla hajahukumiwa.

Baada ya Uhuru tulichelewa kuliandika jambo hilo katika Katiba. Katiba ya mwaka 1961 haikuwa na Tamko la Haki, wala ya Jamhuri ya mwaka 1962, wala ya muda ya mwaka 1965. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Viongozi walikuwa na hoja zao: nchi ilikuwa changa na maskini, na majaji wengi walikuwa wageni, ilihofiwa kwamba Tamko la Haki lingetumiwa kuzuia mabadiliko ambayo wananchi waliyasubiri. Badala yake ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966, kupokea malalamiko ya raia dhidi ya wenye madaraka. Tume ilifanya kazi, lakini tume hushauri tu, na mahakama huamua. Na taifa lenyewe liliona hatari ya madaraka yasiyoulizwa, pale watuhumiwa walipoteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga mwaka 1976. Mwaka 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika ingawa hakuwa ametenda yeye. Historia humheshimu kwa hilo. Lakini kuwajibika kwa waziri huja baada ya msiba. Mahakama iliyo wazi huweza kuuzuia kabla.

Mjadala wa Katiba wa miaka ya 1983 na 1984 ulipofunguliwa, wanasheria walikuwa miongoni mwa waliosema kwa sauti kwamba haki za raia ziandikwe na zilindwe na mahakama. Mwaka 1984 Tamko la Haki likaingizwa katika Katiba, ingawa serikali ilipewa muda wa kurekebisha sheria zake, na wananchi hawakuweza kulitumia mahakamani mpaka mwezi Machi mwaka 1988. Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya wakili na jaji. Katiba ni kama ngoma iliyowambwa vizuri; isipopigwa, hakuna atakayejua sauti yake.

Ilipigwa. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu kilichoziba kabisa mlango wa dhamana kwa baadhi ya watuhumiwa. Mwaka 1993 mahakama hiyo ikabatilisha sharti lililomtaka raia apate kwanza idhini ya waziri kabla ya kuishitaki serikali. Na hapa tukumbuke ile ngozi ya ngoma, kwani ilikuwa ni kumwomba mshitakiwa ruhusa ya kumshitaki. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, katika shauri lililofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila, aliamua kwamba raia ana haki ya kugombea uongozi bila kupitia chama cha siasa. Mwaka huohuo Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba.

Sitaki kumdanganya kijana anayesoma kwamba kila shauri lilikwisha kwa ushindi. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu ya Jaji Mwalusanya, na adhabu ya kifo ikabaki. Katiba ikabadilishwa ili mgombea aendelee kutakiwa kuwa mwanachama wa chama. Shauri la mgombea binafsi likarudi mahakamani, mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaona kwamba haki imevunjwa. Juu ya dhamana nako, mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kifungu kinachoizuia kwa makosa kadhaa hakivunji Katiba. Mahabusu wa gereza la Keko, ambalo liko hapahapa Temeke, analijua shauri hilo kwa mwili wake. Lakini hata katika kushindwa mna somo. Jaji aliyeamua alieleza sababu. Jaji aliyetengua naye alieleza sababu. Na sababu zote zimeandikwa, kila mwananchi anaweza kuzisoma na kuzipima. Utawala wa nguvu hautoi sababu.

Na yapo mashauri yanayowahusu wanafunzi wenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na umri wa miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata miaka 14 kwa idhini ya mahakama, hali mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Mwanasheria Rebeca Gyumi aliyapeleka masharti hayo Mahakama Kuu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubali kwamba yanapingana na Katiba, serikali ikakata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufani hiyo. Mwalimu anayesoma insha hii darasani na atazame madawati ya wasichana, kisha aulize kama hilo lilikuwa ni jambo la mawakili peke yao.

Ili tujue thamani ya kitu, yafaa tutazame nyumba ya jirani kilipovunjika. Nchini Uganda, tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha wa utawala wa Idi Amin waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo. Hakurudi. Alikuwa ameamuru aachiliwe mtu aliyekuwa akishikiliwa kinyume cha sheria. Tangu siku hiyo kila raia wa Uganda alijua kwamba ikiwa Jaji Mkuu anaweza kutolewa ofisini mwake namna ile, mwuza ndizi hana mahali pa kukimbilia. Nchini Kenya, mwaka 1988 Katiba ilibadilishwa hata majaji wakapoteza kinga ya ajira yao. Wakili Gibson Kamau Kuria alikuwa amekwisha kutiwa kizuizini mwaka 1987, alipokuwa akijiandaa kuishitaki serikali kwa niaba ya wateja waliosema wameteswa. Wanasheria wa huko hawakukaa kimya, na mwaka 1990 kinga ya majaji ikarudishwa.

Kwetu pia mawakili wameonja uchungu. Chama cha Wanasheria Tanganyika kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1954, na miongoni mwa kazi zake ni kuisaidia Serikali na mahakama katika mambo ya sheria, na kuwalinda na kuwasaidia wananchi katika mambo hayohayo. Mwezi Agosti mwaka 2017 ofisi ya mawakili katika eneo la Upanga, Dar es Salaam, ilishambuliwa kwa mlipuko, na chama kikawataka wanachama wasiingie mahakamani kwa siku 2. Tarehe 7 Septemba mwaka huohuo Tundu Lissu, aliyekuwa rais wa chama hicho na mbunge, alipigwa risasi nyingi mjini Dodoma, akanusurika. Mtu anaweza kukubaliana na siasa za Lissu au asikubaliane nazo. Hilo ni jambo lake. Lakini risasi ikimpata msemaji wa mawakili, hofu humfikia kila anayemhitaji wakili.

Juu ya mgomo ule wa siku 2 nilijiuliza swali, na bado naliona kuwa zito. Wakili asipoingia mahakamani ili kuilinda heshima ya mahakama, mahabusu ambaye kesi yake imeahirishwa analipa deni la nani? Sisemi kwamba mawakili walikosea kulalamika. Mwili ukichomwa lazima upige kelele. Nasema kwamba ikiwa uhuru wa mahakama ni mali ya mnyonge, basi kila silaha ya kuutetea ipimwe kwanza juu ya bega lake. Utetezi unaomsahau mteja hugeuka kuwa ugomvi wa wakubwa, kama anavyodhani yule mwuza samaki.

Kwa hiyo wanasheria nao wana deni kwetu, na deni lao la kwanza ni lugha. Katiba yetu ya mwaka 1977 ipo kwa Kiswahili, na Mahakama ya Mwanzo huzungumza Kiswahili, lakini kwa miaka mingi sheria nyingi na hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu alihukumiwa kwa maneno aliyohitaji kutafsiriwa, kama mgonjwa anayeambiwa ugonjwa wake kwa kunong'onezana. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kinaweza kutumika pale haki inapohitaji. Mimi kama mshairi nililipokea jambo hilo kwa furaha. Lugha inayoweza kubeba utenzi wenye beti mia nyingi haishindwi kubeba hukumu. Lakini sheria peke yake haiandiki Kiswahili. Wanaoandika ni watu. Kazi ya kuunda istilahi, kufasiri sheria na kuandika hukumu zinazosomeka ni ya wanasheria, walimu na washairi pamoja.

Deni la pili ni ukaribu. Hapa nawashukuru waliokwisha kuanza kulipa. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania kimekuwa kikiwasaidia wanawake na watoto tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1995, kina makao yake Kijitonyama, wilayani Kinondoni, katika jengo lililopewa jina la Jaji Lugakingira. Mara nyingi nimepita hapo nikiwa safarini kikazi, na kila mara huona vema kwamba jaji aliyesema bila woga amekumbukwa kwa nyumba ambamo maskini huingia bila ada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa namna ya yule mama aliyekaa jioni tatu na mjane wetu. Mwaka 2021 Temeke ilipata kituo jumuishi cha utoaji haki kwa mambo ya mirathi na familia, na mwaka huohuo sheria ililegezwa, mawakili wakaruhusiwa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Hizo ni hatua njema. Lakini zipo kata ambamo watu humjua dalali wa viwanja kwa jina, na msaidizi wa kisheria hawajamwona.

Nasi wananchi tuna deni letu. Tukipenda hakimu awe huru, tusimpelekee bahasha. Tusimwombe mkubwa "atupigie simu" pale kesi inapotuhusu, kisha tukalaani simu hizo pale zinapopigwa na adui yetu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma; anayeomba ukate upande mmoja tu anaomba panga. Tena tuache kumtukana wakili anayemtetea mtu tunayemchukia. Mwizi anapokamatwa mtaani, umati hujifanya polisi, shahidi, hakimu na mnyongaji kwa muda wa dakika kumi, na mara kadhaa vitongoji vyetu vimeamka na kugundua kwamba aliyechomwa hakuwa mwizi. Ibara ya 13 ya Katiba inasema mshitakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kwamba anayo hatia. Ibara hiyo haikuandikwa kwa ajili ya watu wapole tunaowapenda, kwa maana hao hawahitaji ulinzi dhidi yetu.

Niliwahi kuliweka jambo hili katika ubeti mmoja, ambao vijana wa mtaani kwetu wameuhifadhi kwa moyo:

Hakimu akitamka, asitazame pembeni,
Wakili akiinuka, asitiwe hofu ndani,
Mnyonge akiitika, aitwapo kizimbani,
Haki iwe ya hakika, si sadaka ya hisani.

Walimu wenzangu katika kazi ya kulea taifa, nawaomba jambo moja lililo jepesi. Milango ya mahakama zetu, kwa mashauri mengi, iko wazi kwa kila raia. Wachukueni wanafunzi wenu siku moja mpaka Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nanyi, iwe ya Temeke, ya Magomeni au ya wilaya yoyote ya nchi hii. Wakae kimya kwenye mabenchi ya nyuma. Wasikilize kesi ya kodi ya chumba, ya matunzo ya mtoto. Wamtazame mtu mwenye viatu vilivyochakaa akisema mbele ya mtu mwenye saa ya dhahabu, na wote wawili wakiitwa kwa zamu, wakiapa kwa maneno yaleyale. Kisha wakirudi darasani waulizeni: ni kitu gani kilichowafanya watu wale wawili kuwa sawa kwa saa ile moja, na nini kitatokea kitu hicho kikiondolewa? Watakaolijibu swali hilo kwa maneno yao wenyewe ndio watakaokuwa mahakimu, mawakili na mashahidi wa kesho, na nchi itakuwa salama mikononi mwao kwa kadiri ya jibu lao.